Usiku niliozima programu

Saa tisa usiku, nimerudi kutoka harusini, nguo zinanuka ule moshi wa mashine na usingizi hauji, basi acha niandike. Mi kazi yangu taa za ukumbini, na miaka mitatu yote leza yangu naiachia programu, unaweka modi ya sauti inaruka yenyewe kila ngoma ikigonga, we unaenda kula pilau. Jana ilikuwa taarab laivu. Mzee wa kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi za kudonoa, alivyoanza taksimu, yani kupiga kwa kubuni papo hapo, peke yake, hamna ngoma hamna besi, leza ikabaki imeduwaa, haina cha kurukia, alafu akidonoa nyuzi kwa nguvu kidogo inatapatapa kama kuku. Iliniuma kweli. Nikazima modi nikashika vitufe kwa mkono, nikaweka duara moja tu la kijani darini, nikawa nalifungua polepole kadiri alivyokuwa anapanda, akikaa kwenye noti moja na mi nakaa, alipotua nikalifunga. Ukumbi mzima ulinyamaza, hata meza za nyuma kule wanakopiga stori.

Njia nzima nilikuwa nawaza Laserium, yale maonyesho ya leza na muziki. Ilianza tarehe 19 Novemba 1973 kwenye kuba la Griffith Observatory, kituo cha kutazama nyota pale Los Angeles, Marekani, kazi ya Ivan Dryer. Leza moja ya gesi ya kriptoni, mwanga unapita kwenye prizimu unagawanyika rangi 4, nyekundu, njano, kijani na buluu, alafu vioo vidogo, kimoja kinasukuma nukta kulia kushoto kingine juu chini, kwa kasi ambayo jicho linaona mchoro mzima kumbe ni nukta moja inakimbia. Ila kinachonigusa sio mashine. Muziki wao ulikuwa wa kanda, lakini mwanga ulichezwa na mtu, laivu, kila onyesho upya, yani shoo ya leo sio ya jana. Na iliendelea pale mpaka 2002! Sasa angalia kumbi zetu, tumegeuza, muziki ndo laivu, wapigaji kumi wanatoka jasho, mwanga ndo wa kanda. Naona ni kuwanyima wanamuziki mwenzao.

Dryer mwenyewe alikuwa mtu wa filamu. Mwaka 1970 alienda kupiga picha kazi za Elsa Garmire, mwanafizikia wa chuo cha Caltech aliyekuwa anachora kwa leza, na akagundua filamu haiwezi kuushika ule mwanga, ndo akaamua watu waletwe kwenye mwanga wenyewe. Namwelewa kabisa. Leza ikitua ukutani ukiiangalia vizuri ina chembechembe zinazometameta, zinatokana na mawimbi ya mwanga yanayokutana yanaongezana au yanafutana, na ukisogeza kichwa na zenyewe zinasogea, kwa hiyo aliyekaa pembeni yako haoni chembe zile zile unazoziona wewe. Shangazi wa bibi harusi alinionyesha video kwenye simu yake, anaifurahia sana, mi naona doa la kijani tu.

Wakati tunakunja nyaya mzee akaja, nikamwamkia, akaniambia, "Mwanangu, leo nilikuwa nakusikia." Nikamuuliza atanisikiaje na taa haina sauti. Akasema kuna sehemu alitaka kumaliza, akaona duara bado liko wazi, akaongeza kidogo. Jamani. Yani alicheza kwa kuangalia dari.

Kanialika mazoezini Alhamisi, niende na leza. Nitaibana iwe juu ya vichwa kama kawaida yangu, mwale haushuki kwenye macho ya mtu hata kwa bahati mbaya, hapo sina mchezo. Ila kabla ya hapo nataka nipite kwa mafundi wa madirisha niombe kipande cha kile kioo cha bafuni chenye mawimbi. Garmire alikuwa anapitisha mwale kwenye vioo vya namna hiyo, unatoka umesambaa kama wingu, na wingu ukiligeuza taratibu kwa mkono nahisi ndo litakaa sawa na kanuni kuliko duara.