Taa saba ziliwaka, ugonjwa ulikuwa mmoja

Nilirudi Dar usiku wa Jumapili kutoka Mtwara, nilikokaa siku kumi na mbili kikazi. Asubuhi, hata chai sijanywa, nilitoka nje kulifunua gari langu. Ni gari la michezo la Kijapani la mwaka 2012, milango miwili, gia za mkono. Nililiwekea akiba miaka sita. Nikabonyeza rimoti, kimya. Nikaisogeza karibu na kitasa, nikabonyeza tena, kimya vilevile.

Rimoti ya aina ile ina ufunguo mdogo wa chuma ndani yake. Niliuchomoa, nikafungua mlango kwa mkono, na hapo ndipo moyo uliponidunda, kwa sababu kioo hakikushuka. Milango ya gari hili haina fremu ya juu, kioo chenyewe ndicho kinachoingia kwenye mpira wa paa. Ukivuta kitasa, mota inakishusha kioo upana wa kidole ili kitoke kwenye mpira, na ukifunga mlango kinapanda tena. Betri ikikosa nguvu kioo kinabaki kulekule juu, na mlango unafunguka huku kikikwangua mpira. Nilisikia ule mkwaruzo, mwili ukanisisimka. Sikuthubutu kuubamiza. Niliurudisha taratibu bila kuufunga, nikapachika kanga iliyokunjwa kati ya kioo na paa.

Nilipobonyeza swichi ya kuwashia, dashibodi iliwaka hafifu kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Mishale ikarukaruka, na chini ya usukani nikasikia ta-ta-ta-ta, rilei, yaani swichi ndogo zinazoendeshwa na umeme, zinashika na kuachia. Stata, mota ya kuamsha injini, haikuzunguka hata kidogo.

Jirani yangu, mzee mstaafu mwenye Noah, alikuja na nyaya zake za kubusti.

"Umeliacha siku ngapi, mwanangu?"

"Kumi na mbili tu, mzee."

"Kwa gari lenye kompyuta hizo si chache."

Tuliunga taratibu. Nyekundu kwenye chanya ya betri yangu, kisha chanya ya yake, nyeusi kwenye hasi ya Noah, na ncha ya mwisho tukaibana kwenye chuma cha injini yangu, mbali na betri. Hili la mwisho wengi wanalipuuza. Betri inayopokea chaji hutoa hewa ya haidrojeni, na cheche ikiruka karibu nayo inaweza kulipuka usoni kwako. Injini ikashika kwa jaribio la pili.

Furaha yangu haikudumu dakika moja. Taa ya injini iliwaka, ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukikanyaga breki) ikawaka, ya utelezi, ya usukani, ya mifuko ya hewa, ya breki, na ile yenye alama ya ufunguo. Saba. Usukani ukawa mzito kama wa lori la zamani, maana unasaidiwa na mota ya umeme na mota ilikuwa imegoma. Mlio wa injini ukawa unapanda hadi mizunguko 1,500 kwa dakika, unashuka hadi 500 kama unataka kuzima, unapanda tena.

Nililipeleka polepole kwenye gereji moja isiyo mbali na kwetu. Kijana akachomeka mashine kwenye soketi ya chini ya usukani, zikatoka namba za hitilafu kumi na nne. Wakazungumza wao kwa wao, kisha mkubwa wao akanipa jibu: pampu ya ABS imekufa, kontroli boksi ya usukani, yaani kompyuta yake ndogo, imekufa, na za mtumba zitapatikana kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani. Jumla milioni mbili na laki nane, ufundi ukiwa ndani. Wakati huohuo kijana mwingine alikuwa ameshika spana namba kumi, anataka kulegeza kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma, eti apime kama alteneta inachaji. Nilimshika mkono. Ukiondoa betri injini ikiwa hai, umeme wa alteneta hauna tena pa kutulia, unaweza kuruka juu ghafla na kuunguza kontroli boksi ambazo hazikuwa na ubaya wowote. Alteneta hupimwa kwa mita, betri ikiwa mahali pake.

Nakiri nilikuwa karibu kukubali ile bei. Gari unalolipenda likiumwa unakuwa tayari kulipa chochote. Nilichofanya cha maana siku ile ni kupiga picha skrini ya mashine na kuwaambia nitarudi.

Jioni nilimpigia fundi umeme mmoja mtu mzima, aliyenifundisha mambo mengi nilipokuwa na gari langu la kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Betri inasoma ngapi?"

"Sijapima."

"Kapime kwanza, halafu unipigie."

Nilipima. Gari lilikuwa limezimwa kwa muda wa saa tatu, baada ya kutembea kama dakika arobaini siku ile, na mita ilisoma volti 11.6. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu, ikishuka chini ya 12 imekwisha. Injini ikiwa inaunguruma mita ilionyesha 14.1, kwa hiyo alteneta ilikuwa nzima.

Nilimsomea na zile namba kumi na nne. Akanieleza jambo ambalo sitalisahau. Herufi ya kwanza ndiyo inayokuambia habari inatoka wapi: P ni injini na gia, C ni breki, usukani na mambo ya chini ya gari, B ni bodi na vilivyomo ndani, na U ni mawasiliano kati ya kontroli boksi. Kwenye orodha yangu tisa zilianza na U. Kulikuwa na U0121, yaani hakuna mawasiliano na ABS. Kulikuwa na U0131, hakuna mawasiliano na usukani. Na katikati yao, bila mtu kuitazama, ilikaa P0562: umeme wa gari uko chini.

Gari la kisasa lina kontroli boksi nyingi zinazozungumza kwenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Kila moja ina kiwango cha volti ambacho ikikikosa inazima au inajiwasha upya. Stata inapovuta, betri dhaifu inashuka hadi volti nane, saba, na kwa nusu sekunde ile ABS inapotea hewani. Usukani unaiita ABS, haipati jibu, unaandika hitilafu. Injini inauita usukani, haipati jibu, inaandika hitilafu yake. Betri inapopata nguvu wote wanarudi, lakini kilichoandikwa kimeshaandikwa, na taa zinaendelea kuwaka. Pampu ya ABS yenyewe ilikuwa imekaa salama kabisa.

Basi nilianza upya. Nilifungua kichwa cha hasi kwanza, kisha chanya, nikaitoa betri na kuiweka kwenye chaja ya ampia 4 usiku kucha. Asubuhi niliiacha itulie kwa muda wa saa mbili ndipo nikapima: 12.3. Nikairudisha, mdogo wangu akawasha huku mimi nikikodolea mita. Ikaporomoka hadi 8.2. Betri nzima, kwa joto letu hili, haitakiwi kushuka chini ya 9.6 au hapo karibu inapozungusha stata. Ilikuwa na miaka minne, na kukaa tupu siku kadhaa kulikuwa kumeimaliza: salfeti ya risasi hujenga ganda kwenye bamba zake, ganda likishakuwa gumu chaji haiingii tena ipasavyo. Nilinunua mpya ya Ah 45 (ampia-saa, kipimo cha umeme ambao betri inabeba), ukubwa uleule.

Baada ya kufuta zile namba kwa mashine ya kuazima, taa sita zilizima na hazikurudi. Ya utelezi ilibaki. Dawa yake ilikuwa kuzungusha usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, kuurudisha katikati, kisha kwenda moja kwa moja mtaani mwendo mdogo, ili kihisi cha usukani kijue tena katikati ni wapi. Ikazima kabla sijafika barabara ya lami. Vioo navyo vilikuwa vimesahau mwisho wao wa juu na wa chini: nilishusha kila kimoja hadi chini nikaendelea kubonyeza sekunde chache, nikapandisha hadi juu nikaendelea kubonyeza tena. Injini niliiacha iungurume dakika kumi bila kiyoyozi na bila kugusa pedeli, mlio ukatulia kwenye 750.

Mtu angeweza kuishia hapo. Mimi sikuridhika, kwa sababu siku kumi na mbili hazitoshi kuimaliza betri kama hakuna kitu kinachoinyonya. Niliijaza ile mpya, ikasoma 12.68, nikaliacha gari siku tatu bila kuligusa. Siku ya tatu ilisoma 12.45.

Kutafuta mnyonyaji kunataka subira kuliko ufundi. Nilifungua boneti na mlango wa dereva, nikavisukuma vifungio vyake kwa bisibisi ili gari liamini kila kitu kimefungwa. Rimoti niliipeleka chumbani kabisa, maana ikiwa karibu inaliamsha gari. Nikaunga mita katikati ya kichwa cha hasi na waya wake, kwenye tundu la ampia 10, nikakaa kwenye kigoda. Mwanzoni ilisoma ampia 2 na zaidi. Ikashuka hatua kwa hatua kadiri kontroli boksi zilivyokuwa zinalala moja baada ya nyingine, na baada ya dakika thelathini na tano ikagoma kwenye 0.12. Gari lisilo na hitilafu huwa chini ya 0.05.

Hiyo 0.12 ukiizidisha kwa saa 24 unapata karibu Ah 2.9 kwa siku. Kwa siku kumi na mbili ni karibu Ah 35, kutoka kwenye betri ya Ah 45. Nilipoandika hesabu ile kwenye karatasi nilihisi kama nimemshika mwizi shati.

Nikaanza kuchomoa fyuzi moja moja, naangalia mita, nairudisha. Ya kumi na moja ilikuwa ya redio. Mita ikashuka: 0.03.

Redio ile niliifungisha mwenyewe kwa hela yangu miezi miwili kabla. Redio za magari yaliyotoka Japani hushika FM kuanzia 76, na nyingi za wakati ule zinaishia 90, kwa hiyo stesheni zetu nyingi huzipati. Nikaweka yenye skrini kubwa. Nilipoivuta kutoka kwenye dashibodi niliona chanzo chote. Redio za aina hii zina waya wa njano, wa umeme wa kudumu unaotunza kumbukumbu, na waya mwekundu, unaopaswa kupata umeme ukiwasha swichi tu. Aliyeifunga alikuwa amezisokota zote mbili pamoja kwenye umeme wa kudumu na kuzungushia utepe mweusi. Nikizima skrini nilidhani nimezima redio, kumbe ilikuwa macho usiku kucha. Nilipokuwa naendesha kila siku alteneta ilikuwa inarudisha kilichoibwa, ndiyo maana sikuona lolote hadi niliposafiri.

Kuutenganisha ule mwekundu na kuupeleka kwenye waya wa swichi kulinichukua dakika ishirini. Nilitumia solda, nikafunika kwa mpira wa kusinyaa, nikarudisha dashibodi.

Mwezi uliofuata nilikwenda tena Mtwara, siku tisa. Niliporudi nilikwenda uani moja kwa moja, begi likiwa bado begani. Rimoti ikaitika kwa taa mbili. Nikavuta kitasa, kioo kikashuka upana wa kidole, kikaniachia mlango bila kugusa mpira. Nilifungua boneti nikapima kabla ya kuwasha: 12.51.