Nitakuja Matangani, Lakini Usiku Nitalala

Jumamosi tunamzika baba mdogo nyumbani Vihiga. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wanaorodhesha watakaokesha na mwili Ijumaa, na jina langu limeshaandikwa. Leo nimempigia shangazi kumwambia nitafika, nitachanga, nitapika, ila ikifika saa nne usiku nitakwenda kulala kwake, mbali na spika.

Kwetu usiku wa kuamkia mazishi ni wa nyimbo, moto na chai. Anayelala huonekana hakumpenda marehemu. Na mimi baba mdogo nilimpenda sana. Ndiye aliyenisindikiza kliniki nilipoanza kuugua, akakaa kwenye benchi na gazeti lake mpaka nilipoitwa.

Lakini nina baipola, ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia kupita kiasi, na kwa mwenye baipola usingizi ni sehemu ya matibabu. Kukosa usingizi ni dalili ya mania, yaani ile hali ya kuchangamka kupita kiasi, na pia huweza kuiamsha. Usiku mmoja tu unaweza kutosha. Kwangu huanza kwa utamu. Sihisi uchovu, mawazo yanakimbizana, naongea bila kituo, natuma pesa kwa watu ambao hata hawajaniomba. Wanaoniona husema, "Leo umechangamka!" Baadaye huja sonona: wiki za kutazama ukuta, kuoga tu kukiwa kazi ya siku nzima. Msiba peke yake, kwa uchungu wake, unatosha kuniyumbisha. Nikiuongezea mkesha, najitafutia kitanda wodini.

Dawa yangu ni lithiamu. Ni ya siku nyingi: John Cade, daktari wa Australia, aliandika mwaka 1949 jinsi ilivyowatuliza wagonjwa wa mania. Ni aina ya chumvi, na figo ndizo zinazoitoa mwilini. Ukitoka jasho jingi bila kunywa maji, ukitapika au ukiharisha, figo huizuia na kiwango chake hupanda kwenye damu. Ndiyo maana joto la Kisumu si jambo dogo kwangu. Sitoki Kondele kwenda mjini bila chupa ya maji, na malaria yenye kutapika siingojei hadi kesho. Dawa za maumivu nazo ni mtego, hasa diklofenaki na ibuprofeni, maana hupandisha lithiamu, na dukani unaweza kukabidhiwa kabla hujamaliza kueleza mgongo unavyouma. Mimi hutaja lithiamu kwanza, kisha naomba panadol. Mikono ikitetemeka kuliko kawaida na miguu ikaanza kupepesuka, ni hospitali siku hiyohiyo.

Damu hupimwa asubuhi, saa 12 zikiwa zimepita tangu kidonge cha mwisho. Daktari wangu anataka kiwango cha lithiamu kiwe kati ya milimoli 0.6 na 0.8 kwa lita. Figo na tezi ya shingo pia huangaliwa kila baada ya miezi kadhaa. Haya yote nimeyazoea. Kilicho kigumu ni kuwaambia watu wangu kwamba naenda kulala.

Shangazi alikaa kimya kidogo kwenye simu. "Sasa wakiniuliza niwaambie nini?"

Nikamwambia: waambie ni mgonjwa, na ugonjwa wake unataka alale. Usiseme nimechoka na safari. Wangejua nina sukari, wangenitengea chakula changu bila maswali. Hili nalo ni hivyohivyo.

"Basi," akasema, "baba yako mdogo mwenyewe angekufukuza ukalale." Hapo tukalia wote wawili.

Nafikiri ukoo unaweza kumlilia mtu wake bila kudai kila mmoja akeshe, na ningependa wazee wetu waliseme hilo waziwazi, kwa sababu siamini niko peke yangu katika boma lile.

Kwenye kundi nimeomba jina langu liondolewe kwenye mkesha, liwekwe alfajiri. Nitawasha jiko, nichemshe chai na viazi vitamu, niwahudumie waliokesha. Binamu yangu amejibu kwamba sukari ataleta yeye.