Mfundisheni kusimama kabla hajaijua aibu

Msimu wa mahafali ya darasa la saba, pita shule yoyote hapa Dar, utamkuta mtoto kashika risala kwa mikono miwili, karatasi imemfunika uso, anatiririka "Ndugu mgeni rasmi" kwa sauti ile ile ya wimbo mpaka mwisho. Risala kaandika mwalimu, mtoto kapewa juzi. Hapo lawama si ya mtoto.

Umri mzuri wa kuanza kumfundisha mtoto kusimama na kuzungumza mbele ya watu ni miaka 6 au 7. Mtoto wa umri huo bado hajali sana nani anamcheka. Akifika 13, kicheko kimoja cha darasa humfunga mdomo muhula mzima. Faida kubwa utaiona kidato cha kwanza, lugha ya kufundishia inapogeuka Kiingereza. Aliyezoea kusimama anapambana na lugha tu. Asiyezoea anapambana na lugha na magoti yake kwa pamoja, na mara nyingi huamua kunyamaza hata jibu akiwa nalo.

Anzia sebuleni, wasikilizaji watatu, dakika moja, kwa Kiswahili. Mpe jambo analolifanya kwa mikono, mfano kukuna nazi. Kwenye kikaratasi aandike maneno matatu tu: kuvunja, mbuzi, tui. Asikariri yote. Aliyekariri neno kwa neno, likipotea moja, mengine yote yanaondoka nalo, anabaki kutazama dari. Akariri sentensi ya kwanza tu, maana hofu huwa kali pale mwanzo na hupoa akishaanza kusema.

Kabla ya kufungua mdomo: miguu upana wa mabega, avute pumzi kwa hesabu ya 4, aitoe kwa hesabu ya 6, mara tatu. Mwenye hofu hupumua kifuani, pumzi fupi, ndiyo maana sauti hupanda na mwisho wa sentensi haisikiki. Hofu pia humkimbiza: maneno 100 hadi 120 kwa dakika yanatosha kabisa, hasa ukumbini penye mapangaboi na paa la bati.

Mike ni somo lake. Aishike umbali wa kiganja kutoka mdomoni, aiinamishe kidogo ili herufi P na B zisipige puu. Asisimame mbele ya spika: mike inaidaka sauti ya spika na kuirudisha kule kule, ndipo ule mlio unaowafanya wazazi wazibe masikio. (Na mwendesha muziki kwa kawaida yuko nje anakunywa soda.)

Akimaliza, msahihishe kitu kimoja tu, na kamwe si katikati ya maneno yake. Kaka na dada wanaocheka nao wapewe zamu yao ya kusimama, papo hapo.

Na ile risala ya mahafali, mwalimu amwachie mtoto aandike hata aya moja mwenyewe, ya vyoo au madawati. Hiyo ataisoma karatasi ikiwa chini ya kidevu.