Andika Alichosema

Jana binti yangu aliulizwa amekula mandazi mangapi, akajibu, "Mawili." Mama yake akahesabu yaliyobaki kwenye bakuli, akakuta yametoka manne. Mtoto hakukana. Alisema aliyekula manne si amekula mawili pia? Ana miaka tisa, na hoja hiyo ina wenyewe. Mwaka 1972 mwanaisimu Laurence Horn aliijenga katika tasnifu yake: namba hutaja kiwango cha chini tu, na ile "wala si zaidi" huongezwa na msikilizaji, kwa kudhani kwamba msemaji angekuwa na zaidi ya kusema, angesema. Wataalamu wanavutana juu ya namba hadi leo. Mke wangu hakuvutana na mtu, alifunika bakuli.

Mimi nilimkumbuka mweka hazina wa kikundi chetu cha uvuvi.

Ni mwaka ule magugumaji yalipoziba ghuba, boti zikalala ufukweni na kila wavu uliotupwa ukarudi na majani. Pesa za injini tulikuwa tumeshachanga, na njaa ilipoanza kuuma kila mtu akawa anaziota. Mkutano ukaitwa chini ya mwembe, kwa Kiswahili, maana wengi wetu walikuwa wa upande wa Budalang'i na Kijaluo chao kilikuwa cha kununulia samaki tu. Kalamu nilikuwa nayo mimi. Maombi, mahudhurio, malalamiko ya mafuta ya karabai, yote yalipita upesi.

Kisha mwenyekiti akasema, "Ndugu mweka hazina, wanachama wanauliza. Zile pesa za injini ziko benki?"

Mweka hazina alisimama, akavua kofia. "Mwezi uliopita nilienda mjini, nikaweka elfu arobaini."

Watu wakashusha pumzi. Mwenyekiti akanigeukia: "Katibu, andika kwamba mweka hazina amethibitisha pesa ziko benki."

"Hapana." Aliyesema ni nyanya mmoja muuza omena, amekaa pembeni kwenye debe alilolipindua, vidole vyake vinang'aa magamba. "Hajasema hivyo. Kijana, soma ulichoandika."

Nikasoma: mwezi uliopita alienda mjini, akaweka elfu arobaini.

"Mama," mwenyekiti akasema kwa upole, "si ni kitu kimoja?"

"Kama ni kimoja, basi aseme hicho kingine."

Wengine walicheka. Mweka hazina hakucheka. Alikuwa anaizungusha ile kofia kwa ukingo wake, pole pole, kama mtu anayetafuta mahali ilipochanika. Akasema kitabu cha benki amekiacha nyumbani. Nyanya akamwambia, "Mwanangu, sikuulizi kitabu. Leo hii, kwenye akaunti yetu, kuna shilingi ngapi?" Hapo ndipo kimya kilipoingia, na mimi kalamu iko juu ya karatasi, sina cha kuandika.

Miaka mingi baadaye nilikutana na mwanafalsafa H. Paul Grice kwenye kurasa, na kila nilipofika mahali anapofafanua maana isiyotamkwa nilimwona mtu mwenye kofia mkononi. Grice alitoa mihadhara yake Harvard mwaka 1967, na ule unaojulikana zaidi ukachapishwa mwaka 1975. Anasema mazungumzo ni ushirikiano: tunatarajia mwenzetu atoe habari ya kutosha, asiseme asiloamini, aseme linalohusu, na aseme waziwazi. Kwa hiyo msikilizaji hupiga hesabu. Ameulizwa pesa ziko wapi, amejibu lini aliziweka. Jibu halijalingana na swali, lakini huyu ni mwenzetu, anajaribu kujibu. Lingehusu tu iwapo pesa hazijatoka. Angekuwa amezitoa, angetuambia. Basi ziko. Mkutano mzima ulipiga hesabu hiyo kabla hajakaa chini, na hakuna aliyejua kwamba amehesabu.

Namna ya kuipima ni rahisi. Ongeza "lakini" ukaikane ile maana, uone kama sentensi itapasuka. "Niliweka elfu arobaini, lakini wiki iliyofuata nilizitoa zote." Haipasuki, inaudhi tu. Basi "pesa bado ziko" halimo ndani ya maneno yake, tumelitia sisi. Sasa jaribu, "Niliweka elfu arobaini, lakini sikuweka hata senti." Hiyo imepasuka, kwa sababu kuweka kumo ndani ya alichosema, na hakuna namna ya kukutoa humo.

Kuna aina ya tatu ya maana, nayo pia ilikuwepo siku ile. Kijana mmoja wa nyuma alipiga kelele, "Uliacha lini kula pesa za kikundi?" Mwenyekiti alimkemea kwa utovu wa adabu, lakini adabu ilikuwa tatizo dogo. Akijibu "mwaka jana", amekiri. Akijibu "sijaacha", amekiri zaidi. Ukanushaji hauigusi ile dhana iliyotangulia, kwamba alikuwa akila. Mtu wa namna hiyo hujibiwa kwa kulikataa swali lenyewe. Sikuliandika.

Lililonishangaza baadaye ni kwamba nyanya hakupiga ile hesabu yetu. Mwanaisimu Elinor Ochs Keenan aliandika mwaka 1976 kuhusu kijiji cha Madagaska ambako ukimuuliza mtu mama yake yuko wapi, anaweza kukujibu yuko nyumbani au sokoni, na hakuna anayedhani kwamba hajui ni wapi hasa. Habari ni mali, haigawiwi ovyo, na aliyeitoa anaweza kubebeshwa lawama yake. Msikilizaji wa huko anajua hivyo, kwa hiyo hajazi pengo. Sisi si Madagaska, lakini mama anayenunua omena kwa mkopo alfajiri ameishi na majibu ya aina hiyo. "Boti iko njiani." Njia ipi, na imebeba nini? Halafu alikuwa mzee. Mimi ningemuuliza mweka hazina swali lile, ningeambiwa sina heshima.

Ilikuja kujulikana kwamba mweka hazina alizitoa zile pesa siku chache baada ya kuziweka, akalipa ada ya mtoto, na alizirudisha kidogo kidogo mwaka uliofuata. Aliondolewa cheo kwa kosa la kuchelewesha hesabu. Kosa la uwongo halikupatikana daftarini.

Huko Marekani kesi kama hiyo ilifika Mahakama ya Juu. Mtengeneza filamu Samuel Bronston, kampuni yake ikiwa imefilisika, aliulizwa chini ya kiapo kama ana akaunti katika benki za Uswisi. Akasema hana. Amewahi kuwa nayo? Akajibu kwamba kampuni ilikuwa na akaunti Zurich kwa miezi kama sita. Kweli tupu, ila yeye mwenyewe aliwahi kuwa na yake Geneva. Alitiwa hatiani kwa kiapo cha uongo, na mwaka 1973 majaji wote wakaifuta hukumu: jibu ni la kweli kwa maneno yake, na kazi ya kumbana shahidi ni ya anayeuliza. Yaani walihitaji nyanya wa omena.

Kwa mahakama naelewa, kwa sababu mtu hawezi kufungwa kwa hesabu iliyopigwa kichwani mwa mwingine. Kwa watu mnaokula samaki sufuria moja sina uhakika. Yeye alijua tutahesabu, na alijibu akiitegemea hesabu hiyo. Mwenyekiti mpaka leo akikutana nami sokoni Kibuye, Kisumu, husema yule jamaa alitudanganya mchana kweupe. Nikimwomba anionyeshe sentensi, hukasirika, na sidhani ana kosa kukasirika.