Soseji ya Ng'ombe Njia Nzima Hadi Atlanta

Bendera ya Chicago ndiyo iliyotuponza. Milia miwili ya buluu, nyota nne nyekundu, imetundikwa juu ya mlango wa kijimkahawa kando ya barabara ya I-24 kusini mwa Nashville, na chini yake picha ya hotidogi ndefu kuliko gari letu. Binamu yangu ndiye aliyeshika usukani. Alikata kona kabla sijafungua mdomo.

Tulikuwa tunateremka Atlanta kwenye harusi ya mdogo wangu, anayeoa binti wa Kikongo, watu wa Kindu kule Maniema ambao siku hizi wako Clarkston, kando ya Atlanta. Tuliondoka Chicago usiku kukwepa foleni. Indiana sina la kuisimulia: mahindi, kisha taa nyekundu za mitambo ya upepo zikiwaka na kuzimika kwa pamoja gizani, kisha mahindi tena. Kilichotuchosha ni saa. Indianapolis unapoteza saa moja, ukishuka kusini mwa Kentucky unarudishiwa, na kabla hujafika Chattanooga unanyang'anywa tena. Simu ya binamu ina adhana, na kila saa ilipobadilika alianza hesabu upya, tumesali au hatujasali, mpaka nikamwambia atazame jua.

Njaa nayo ilikuwa na hesabu zake. Kila kituo cha mafuta Marekani kina kile kimashine cha vyuma vinavyozunguka, soseji zimelala juu yake zinabingirika tangu alfajiri, zimekunjamana. Ukimuuliza muuzaji ni nyama gani, anakutazama kama umemuuliza jina la babu yake. Sisi nguruwe hatuli, kwa hiyo kila mahali tuliondoka na mifuko ya karanga. Karanga zenyewe dola nne.

Mimi lakini nina ugonjwa wa pili juu ya huo wa dini. Nimekaa Chicago muda mrefu, na Chicago imenidekeza. Pale hotidogi ni ya ng'ombe, na wenyeji wanaona ni jambo la kawaida tu. Kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1893, wahamiaji wawili kutoka Austria-Hungaria, Emil Reichel na Samuel Ladany, waliuza soseji zao za ng'ombe, na kampuni yao ya Vienna Beef ipo hadi leo. Mtaa wa Maxwell ulijaa Wayahudi, nao nguruwe hawali kama sisi. Na ng'ombe walikuwa wakiletwa kwa treni kila siku kwenye machinjio ya Union Stock Yards, yaliyofunguliwa 1865 na kufungwa 1971. Basi mji ukazoea.

Namna inavyoandaliwa ndiyo iliyoniteka. Mkate laini uliopigwa mvuke, juu una mbegu za popi. Soseji imepashwa kwenye maji ya moto yasiyotokota. Haradali ya manjano, achari tamu ya kijani kinachong'aa, vitunguu vilivyokatwakatwa, nyanya vipande, tango la siki limelala ubavuni, pilipili ndogo za siki, halafu chumvi yenye seleri. Tomato sosi ni haramu ya aina yake; mtu mzima akiiomba, muuzaji anaweza kumkatalia kabisa. Ukiuma, ngozi inapasuka kwanza ndipo mchuzi unakujia. Mara ya kwanza kuila nilijiona niko Mwembe Tayari kule Mombasa, yule kijana wa toroli anapasua smoki, ile soseji ya moshi, kwa kisu na kushindilia kachumbari ndani.

Basi tukaingia kwenye ule mkahawa wa bendera. Hotidogi moja dola tisa. Kodi juu. Kisha kijana akanigeuzia kile kioo cha kulipia, kinaniuliza bakshishi asilimia ngapi, ishirini au ishirini na tano, na chakula chenyewe bado sijakiona. Nikabonyeza. Binamu naye akabonyeza, huku anasema kwa Kiswahili maneno ambayo sitayaandika.

Zilipokuja, nilijua kabla ya kuuma. Mkate mkavu, hauna mbegu hata moja. Achari ya rangi ya majani yaliyokauka. Nyanya hakuna. Na juu yake, mstari mzito wa tomato sosi kutoka kichwani hadi mkiani. Mimi nikabaki nimeishika, natafuta kijana wa kumuuliza. Binamu hakutafuta mtu. Njaa ya tangu Louisville ilimtuma aume.

Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Yakhe," akasema, "hii haina ngozi. Hii ni kama uji."

Nikaenda kaunta. "Samahani ndugu yangu, hii soseji ni ya ng'ombe tupu?"

"Ndiyo," kijana akasema. Halafu akaongeza, "Nadhani."

Nikamwomba aniletee boksi. Alisita, akatazama nyuma, lakini alikuwa kijana mwenye adabu, akaenda kwenye friji na kurudi nalo limeganda barafu. Nikapangusa barafu kwa kiganja. Sasa, sheria ya Marekani inataka viambato viandikwe kwa uzito, kilicho kingi kitangulie. Na soseji ikiandikwa kuwa ni ya ng'ombe, haina ruhusa ya kutiwa nyama nyingine. Hata utumbo uliotumika kama ngozi, ukiwa wa mnyama mwingine, lazima utajwe. Lakini isipoandikwa hivyo, inaruhusiwa kuchanganywa. Boksi halikuandikwa hivyo. Nikasoma: wa kwanza kuku, yule anayekamuliwa na mashine kutoka kwenye mifupa yake. Wa pili nguruwe. Kisha maji. Kisha sukari ya mahindi. Ng'ombe nilimkuta huko chini, katika vile vitu visivyozidi asilimia mbili, jirani na chumvi na dawa za rangi.

Nilipogeuka, binamu alikuwa amekwisha kunisoma usoni. Alitema kwenye karatasi, akatoka nje, na kupitia dirishani nikamwona anasukutua kwa chupa nzima ya maji, dola tatu nyingine hizo. Anajua vizuri kwamba asiyejua hana dhambi. Tumbo lake ndilo lisilojua.

Meneja akaja. Mama mmoja mnene, mchangamfu, ananiita "mpenzi" kwa kila sentensi, kama walivyo watu wa kusini. Nikamwambia juu umeandika Chicago. Akasema, mpenzi, Chicago ni mtindo tu. Nikamwonyesha bendera. Akasema ameipenda rangi zake. Nikamuuliza amewahi kufika? Hajawahi. Tukashindana pale, nyuma yangu watu wamepanga foleni na mmoja wao ananiunga mkono kwa kutikisa kichwa, mpaka mama akakubali kurudisha pesa. Ya hotidogi moja. Ile iliyoumwa, akasema, imeshaliwa. Na bakshishi hairudi, ni ya vijana. Sikuwa na la kumjibu kuhusu vijana. Lakini iliyotemwa imeliwaje?

Kutoka pale tukapanda mlima Monteagle, malori yananguruma mbele yetu, na binamu hakusema neno mpaka tukateremka upande wa pili. Aliposema, alisema: "Mombasa mtu akikuuzia smoki, unajua nyumbani kwao." Nikamwambia si kweli, hata yule wa toroli humjui. Akasema, "Simjui, lakini ananijua mimi. Anajua akinilisha nguruwe hatalala mtaani pale." Hapo nikakosa la kusema.

Atlanta, hoteli ya bei mbaya, kiyoyozi kinalia kama trekta, foleni saa zote. Harusi ilikwenda salama.

Baada ya harusi ndipo tulipoanza kutafuta. Maduka ya halali Clarkston yamejaa tele: Wasomali, Waethiopia, Waburma, kila mtu na friji yake. Soseji zilikuwepo, lakini za kuku na bata mzinga. Ni Mwafghani mmoja mwenye duka aliyetuambia twende Toco Hills, walikojaa Wayahudi wa Atlanta. Binamu akakubali, yeye husema chakula cha watu wa Kitabu kinamtosha, ingawa kuna masheikh watakaombishia. Tukaingia duka kubwa, sehemu ya kosher, yaani vyakula vya sheria ya Kiyahudi, na tazama: ng'ombe wa kwanza kwenye orodha, na baada yake hakuna mnyama mwingine. Dola nane pakiti. Soseji sita. Nilinung'unika, lakini nililipa, na hakuna kioo kilichoniuliza asilimia.

Tulizipika kwa wakwe Clarkston. Mikate yenye mbegu za popi sikuipata popote. Ngozi ya soseji ilikuwa nyembamba, si ile ya Chicago, lakini nyama ilikuwa nyama, na harufu ya kitunguu saumu ilijaa jiko. Watoto wakaleta chupa ya tomato sosi. Nikafungua kinywa, binamu akanikanyaga mguu.

Mama mkwe wa mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama ninavyopanga tango na nyanya kwa vidole viwili.

"Dola ngapi ile?" akauliza. Nikamwambia. Akahesabu kimoyomoyo. "Ndugu, pesa ile unapata kuku mzima." Kisha akachukua soseji yake moja, akaikatakata, akaitumbukiza kwenye sufuria ya sombe, kisamvu cha Kikongo, akaongeza pilipili.

Binamu aliacha mkate wake mezani, akamfuata jikoni na sahani.