Siku moja maishani mwangu: karani wa shule, siku ya kuamkia mahafali

Kwenye picha za mahafali simo. Yumo mhitimu na joho lake, yumo mzazi anayefuta machozi, yumo padre anayenyoosha mkono kutoa cheti. Cheti hicho nimekiandika mimi. Ni karani wa shule ndogo ya sekondari ya Kikatoliki, mwaka wa kumi na tisa huu, na miaka yote hiyo watu huniuliza swali lilelile: wanafunzi wakishamaliza mitihani, karani anabaki na kazi gani? Basi naandika siku ile nzima, ya kuamkia mahafali, tangu kengele ya kwanza.

Saa 11:50 alfajiri nilifungua kikanisa, kisha sakristia, chumba cha mavazi na vyombo vya Misa, kisha ofisi. Shule ikiwa ndogo, funguo zote hukaa kwenye kamba moja, na kamba hiyo naishika mimi. Sanduku la huduma ya kwanza liko kwangu, simu iko kwangu, kengele iko kwangu. Wanakwaya wanne wa darasa la mwisho walikuwa wameshanitangulia mlangoni, karatasi za nyimbo mkononi. "Shikamoo, Mama." Walitaka kurudia Utenzi wa Bikira Maria kabla ya Misa kwa sababu sauti ya tatu ilikuwa inawaponyoka. Wahitimu wetu mwaka huu ni 34. Kwa idadi hiyo hakuna mwanafunzi mwenye jukumu moja. Kipa wa timu ndiye besi wa kwaya, na ndiye msomaji wa somo la kwanza. Akipata mafua, uwanja, kwaya na Misa vyote vinayumba.

Misa ikapita, usafi ukapita, mimi niko mezani.

Saa 2:00 walianza kuja na fomu za kukabidhi vifaa. Kila mhitimu anatakiwa awe na saini sita: maktaba, maabara, bweni, michezo, kwaya na sakristia. Mimi ni wa mwisho, napiga muhuri. Atlasi moja ilikuwa haionekani, ikapatikana chini ya godoro la mtu ambaye si yeye aliyeiazima. Wasichana wawili walikuja na picha ya Mtakatifu Yosefu wa Cupertino, yule mtawa wa karne ya 17 ambaye watahiniwa humkimbilia, kwa sababu masomo yalimwelemea na inasimuliwa kwamba mtahini alimuuliza kifungu kimoja tu alichokijua vizuri. Waliibandika mlangoni mwa darasa mwanzoni mwa mwaka. Sasa walikuwa wameibandua taratibu, gundi wameikwangua kwa kucha, wakaniuliza kama wanaweza kuwaachia wadogo zao wa darasa linalofuata. Nikawaambia wapeleke wenyewe, wasinipe mimi.

Kabla sijaendelea, niseme kuhusu vyeti. Matokeo ya mtihani yana karatasi yake, hiyo si yetu. Cheti chetu ni kile cha kuhitimu shule, na hapa tunakiandika kwa mkono, kwa kalamu ya wino, kwenye karatasi ngumu zinazohesabiwa. Mwaka huu nilipewa karatasi 37. Yaani nina ruhusa ya kukosea mara tatu. Nilikuwa nimeandika 33 kwa usiku nne na sijakosea hata mara moja. Nilibakiza cheti kimoja na majina ya ratiba ya sherehe, ambayo mchapaji alikuwa anayangoja kabla ya saa 6:00.

Saa 4:20 akaingia mzee mmoja.

Alikuwa baba wa binti mmoja kati ya hao 34. Sikuwahi kumwona shuleni, ila sauti yake niliifahamu kwenye simu za ada. Alisalimia vizuri, akaketi, akaweka bahasha ya stakabadhi mezani. "Dada, nimekuja kurekebisha jina la mwanangu." Nikafungua faili. Jina la ukoo lililomo kwenye cheti cha kuzaliwa cha binti ni la babu yake mzaa mama. Kwa nini, sikuuliza. Si kazi yangu kuuliza. Mzee alitaka kwenye cheti liandikwe jina lake yeye. "Kesho ndugu zangu watakaa pale mbele. Wataketi wasikilize mtoto wangu akiitwa kwa jina la watu wengine?"

Nilimwelewa, sitasema sikumwelewa. Nikamweleza polepole kwamba jina la cheti chetu lazima lifanane na lile alilosajiliwa nalo kwenye mtihani, na lile la mtihani lilitoka kwenye cheti cha kuzaliwa. Yakitofautiana, atakayesumbuka ni binti, siku atakayoomba nafasi chuoni na kuambiwa kwamba karatasi zake ni za watu wawili. Nikamwonyesha fomu ya uhakiki tuliyotuma nyumbani kabla ya usajili. Ilikuwa na saini ya mama yake binti.

"Huyo ndiye aliyelipa ada?"

Akazitoa stakabadhi, moja moja, akazipanga juu ya fomu za wanafunzi. Ni kweli, zote zilikuwa zake, na nyingi zilikuwa na mwandiko wangu. Nikasema, "Mzee wangu, ada nakushukuru, lakini ada haibadilishi usajili." Hapo sauti ikapanda. Akasema naficha kitu. Akasema makarani ndio wanaoharibu maisha ya watoto kwa kalamu moja. Akataka mkubwa. Sista Mkuu alikuwa parokiani kwenye kikao cha maandalizi ya Misa mpaka saa sita. "Nitamngoja." Akakiegemea kiti.

Kungoja kwenyewe hakukuwa kimya. Alipiga simu, akanipa nizungumze na mtu aliyejitambulisha kwa cheo. Nikamjibu kwa adabu yaleyale niliyomjibu mzee. Akapiga kwa mwingine. Nyuma yake mlangoni foleni ya fomu ilikuwa imefika kwenye ngazi, na mchapaji alikuwa ameshapiga mara mbili kuuliza majina. Kila nikichukua orodha kuikamilisha, mzee anagonga meza kwa kidole: "Hilo usiandike bado." Mkono ulianza kunitetemeka, na mkono unaotetemeka hauandiki cheti.

Kuna jambo moja linaniuma mpaka leo. Binti mwenyewe alikuwa barazani muda wote huo, kwenye foleni, fomu mkononi. Alisikia kila neno, na wenzake walisikia. Nilipaswa kuufunga mlango ule tangu dakika ya kwanza, na sikuufunga.

Jambo lililonisaidia nisimjibu vibaya ni sentensi ambayo Sista Mkuu huisoma kwenye kila mkutano wa wazazi, kutoka katika tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, kuhusu malezi ya Kikristo, la tarehe 28 Oktoba 1965: kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Naijua kwa moyo. Mtu aliyekuwa ananigongea meza alikuwa mlezi wa kwanza. Mimi ni wa pili, tena wa mbali. Lakini wa pili naye ana kitu alichokabidhiwa, na kwangu kitu hicho ni rejista.

Saa sita kengele ikapigwa, na kwa mara ya kwanza mwaka huu sikuipiga mimi, ilipigwa na kiranja. Foleni yote ikageuka kuelekea kikanisa kwa sala ya Malaika wa Bwana. Mzee naye akasimama. Akasali yote, kwa sauti ya chini, bila kukosea, na mimi niliyekuwa na hasira naye tukaitikia pamoja. Kisha akaketi tena.

Sista Mkuu alifika dakika ishirini baadaye. Akasikiliza, kisha akafanya jambo ambalo kwa saa mbili halikunijia: akamwita binti ndani, akafunga mlango, akamuuliza, "Wewe, mwanangu, unataka nini?"

Binti akasema anataka cheti kifanane na cha mtihani, asije akasumbuka mbele ya safari. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, lakini kesho wakati wa kusomwa, nisomwe na jina langu la kipaimara pia, lile la mtakatifu nililochagua. Niitwe Bakhita.

"Bakhita ndiyo nani?" baba yake akauliza.

Hakuwepo siku ya kipaimara. Binti alimweleza akiwa amesimama, mikono nyuma, kama anajibu swali la mtihani wa mdomo. Kwamba Yosefina Bakhita alizaliwa Darfur, karibu mwaka 1869, akatekwa na wafanyabiashara wa watumwa akiwa mtoto. Kwamba kwa hofu alisahau jina alilopewa na wazazi wake, na halikurudi tena. Kwamba Bakhita, yaani mwenye bahati kwa Kiarabu, ni jina aliloitwa na watekaji. Aliuzwa mara kadhaa, akafikishwa Italia, akabatizwa tarehe 9 Januari 1890 na kuwa sista wa shirika la Wakanosa. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu mwaka 2000. "Watu walimwita walivyotaka," binti akasema, "yeye akaendelea kuwa yeye."

Mzee hakusema kitu. Sista naye hakuongeza. Kwenye ofisi yangu kuna saa ya ukutani yenye kelele, na niliisikia kwa muda mrefu.

Baadaye Sista alimweleza njia iliyopo, kwa utaratibu: kama yeye na binti wataafikiana kubadili jina la ukoo, walibadilishe kisheria, walete hati, na shule itaandika mabadiliko kwenye rejista. Sisi hatuwezi kuitangulia sheria. Na lile la Bakhita halihitaji ruhusa ya mtu, kwa maana kipaimara huandikwa kitabuni, na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 895, inataka paroko wa mahali mtu alipobatizwa ajulishwe, ili nayo iingie kwenye daftari la ubatizo. Ubatizo, kipaimara, ndoa akifunga, vyote vinamfuata kwenye daftari moja. Nilimwona mzee akilisikiliza hilo kuliko yote mengine. Alikuwa ametoka nyumbani kutafuta mahali ambapo mtoto wake ameandikwa.

Alipokusanya stakabadhi zake aliniomba kalamu. Akatoa kijitabu cha mfukoni. "Linaandikwaje?" Nikamtajia herufi moja moja. Hakuniomba radhi, nami sikungoja. Walitoka pamoja, binti akiwa ameishika bahasha.

Ilikuwa imeshapita saa saba. Sikula. Mchapaji alikuwa amefunga oda ya asubuhi, ikabidi nimbembeleze atuweke ya jioni, na alikubali kwa sharti kwamba nisibadilishe hata nukta. Foleni ya fomu nikaimaliza kwa kusimama.

Mchana sikumbuki vizuri ulikwendaje. Kulikuwa na mazoezi ya maandamano ya kuingia, nikatoka kwenda kuwaonyesha wa nyuma waachiane nafasi kiasi gani. Kulikuwa na majoho mawili yaliyofupia. Kulikuwa na msichana aliyekuja kuniomba dawa ya kichwa, nami nikaona kichwa hakimuumi, anataka tu kuketi kwenye ofisi anayoijua. Nikamwacha aketi. Wengine wanarudi vijijini kwao, wengine wanakwenda mbali, na shule hii wameishi kama nyumba moja. Mwalimu aliyewafundisha hisabati ndiye aliyewafundisha kucheza ala, na mpishi anawajua kwa majina. Hilo ndilo wasiloliona wanaotuhesabu kwa idadi ya wanafunzi na kutuona wadogo.

Jioni padre alikaa kwenye kitubio, na wahitimu wakawa wanaingia mmoja mmoja kutoka kwenye mafungo yao ya siku mbili. Kikanisani kulikuwa kimya. Nilipanga mishumaa 34 kwenye kikapu, ile watakayokabidhi kwa wadogo zao wakati wa Misa ya shukrani, na kila mshumaa una kadi ya jina.

Baada ya hapo nikarudi ofisini, nikanawa mikono, nikangoja itulie, nikaandika cheti cha 34. Jina la cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, bila kukosea. Karatasi tatu zikabaki tupu. Nitazirudisha kwa Sista kwa hesabu.

Mwalimu atakayesoma majina alikuja usiku, tumechoka wote wawili. Tukayasoma kwa sauti moja baada ya jingine, kwa sababu jina likitamkwa vibaya mbele ya ukoo halirudishwi. Majina matatu nilimrudisha. La kabila asilolijua tulilirudia mara sita mpaka likakaa. Tulipofika kwa binti yule, alisoma jina la orodha akataka kupita. Nikamwambia ngoja. Kwenye karatasi yake nikaongeza kwa mkono wangu, kati ya jina la kwanza na la ukoo: Bakhita. Akalisoma. Nikamwambia asome tena, taratibu zaidi, kwa sababu kesho kuna mtu mbele atakayekuwa analifuatisha kwenye kijitabu.

Kadi ya mshumaa wake niliiandika mwisho. Kadi haina usajili wala muhuri, kwa hiyo niliandika jina hilo moja tu, kwa herufi kubwa, nikaiacha juu ya meza wino ukauke, nikatafuta kamba ya funguo.