Wafilipi kabla ya daladala

Unayekaa Mwanakwerekwe na kazi iko Darajani, usingoje saa nzima ya utulivu ya kusoma Biblia, haiji. Dakika 20 za alfajiri zatosha, simu ikiwa chumba kingine.

Anza na Wafilipi, barua ya Paulo yenye sura 4 tu. Soma sura moja mara mbili, ya pili kwa sauti, kalamu mkononi. Wengi huharibu kwa kudaka 4:13, "Nayaweza mambo yote", wakaupeleka mstari kwenye mtihani au biashara. Rudi 4:11-12: Paulo, naye kafungwa, anazungumzia kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Ni kuridhika huko, si ushindi.

Kisha andika jambo moja la kutenda leo, mfano kutomgombeza muuza samaki bei ikipanda. Penye kukwama, tia alama ya kuuliza. Jumapili kamuulize padri.